Mwanamume Aliyeshika Suruali

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi siku hizi sinyoi mtu yeyote. Vidole vya mkono wangu wa kulia havikunjiki tangu jioni ile nilipoinama kufunga kufuli la kibanda changu, mtu akanipiga nondo mkononi, akanyakua mfuko wenye mashine zangu za kunyolea, akatoweka. Sikumwona. Niliona kufuli, kisha nikaona nyota. Aliyemwona ni dada yangu, fundi cherehani, ambaye duka lake linatazamana na kibanda changu. Alitoka aliposikia nikipiga mayowe, na yule mwizi aligeuka mara moja tu kabla ya kukata kona.

Kwa hiyo kesi nzima ilisimama juu ya macho ya dada. Polisi walimkamata msukuma mkokoteni mmoja aliyekuwa akishinda mtaani kwetu na hakuwa na wa kumsemea. Wakampanga mstarini na wanaume wengine, wakamwita dada aje kutambua. Dada akapita mbele yao, akarudi, akamgusa bega. Nilipoambiwa nililia kwa furaha. Mnicheke mkitaka, lakini mtu aliyevunjwa mkono unaomlisha anahitaji wa kumlaani, na mimi nilikuwa nimempata wangu.

Miezi ikapita, msukuma mkokoteni yuko rumande, mimi niko dukani kwa dada nikifagia nyuzi kwa mkono wa kushoto na kugombana na wateja. Siku moja kabla ya dada kwenda kutoa ushahidi, akaja mwalimu mmoja kujaribu suruali yake mpya. Ilikuwa imempwaya kiunoni. Akasimama mbele ya kioo ameikamata kwa ngumi, anacheka.

"Fundi, hii umenishonea mimi au ukoo mzima?"

Dada hakucheka. Alimkodolea macho mpaka mwalimu wa watu akaona haya. Akamwambia aiache, ataipunguza, na alipotoka tu akafunga mlango.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nimefanya jambo baya."

"Umekosea kipimo tu. Itapunguzwa."

"Siyo hiyo. Siku ile kule kituoni, yule mtu alikuwa ameshika suruali yake hivyohivyo. Wenzake wote mikono chini, mikanda kiunoni. Yeye peke yake kashika suruali, na viatu vyake havina kamba."

"Sasa?"

"Sasa nini! Mtu akiingia mahabusu anavuliwa mkanda na kamba za viatu, asije akajinyonga. Wale wengine walikuwa wapita njia, wameombwa barabarani waje kusimama. Hata mtoto angejua nani katolewa ndani. Nilipopita mara ya kwanza sikumwona mtu ninayemjua. Mara ya pili nikaona ile ngumi kiunoni, nikasema moyoni, huyu ndiye. Nikadhani nimemjua kwa sura."

"Si alifanana naye?"

"Alifanana. Hata huyo mwalimu anafanana naye, ukitaka afanane."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia polisi hawaokoti watu hovyo, pafukapo moshi pana moto.

"Moto upo," alisema. "Mimi sijamwona aliyeuwasha."

"Na mkono wangu je?"

"Akifungwa huyu, vidole vyako vitakunjika?"

Hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. "Wewe ni dada yangu au dada yake?"

Aliikunja suruali ya mwalimu taratibu, akaiweka mezani. "Tumenyonya ziwa moja, mimi na wewe. Usinifundishe udugu." Usiku nikalala nikiomba Mungu asubuhi dada aamke na woga.

Asubuhi mpelelezi wa kesi alitukuta nje ya mahakama. Ningefurahi kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, ila hakuwa. Alikuja hospitali kuniona nilipolazwa, na aliamini kwa dhati kwamba amemshika mwizi wangu. Dada akamweleza habari ya mkanda. Alikuna kichwa kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba.

"Lakini mama, huo ni utaratibu. Kila anayeingia anavuliwa."

"Najua. Na siku ile mngemrudishia."

"Hakuna aliyefikiria," alisema, na nilimwamini. Watu waliozoea kuona wanaume wakitembea wameshika suruali kutwa kucha hawawaoni tena. Kisha akashusha sauti. "Ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Huyu tukimwachia, mwingine hatuna."

Nilimwombea dada amsikilize. Nilimkanyaga mguu kabisa tulipokuwa tunaingia.

Mwendesha mashtaka alimwongoza vizuri: jioni, mayowe, mtu akikimbia, akageuka. Dada akajibu yote. "Na mtu huyo, shahidi, yumo humu mahakamani?"

Watu wote wakatazama kizimbani, maana ndani ya kizimba alikuwemo mmoja tu, kakonda, nywele zimemjaa.

"Mheshimiwa hakimu," dada alisema, "naomba mshtakiwa ainue mikono yote miwili."

Mwendesha mashtaka akaruka akisema kwamba shahidi yuko pale kujibu, hakuja kutoa amri. Hakimu alivua miwani, akamtazama dada, akatikisa kichwa kukubali.

Yule mtu akainua mkono wa kushoto.

"Yote miwili," alisema hakimu.

Akamtazama askari pembeni yake kama anayeomba ruhusa, akainua na wa kulia. Suruali ikaporomoka hadi mapajani. Akaidaka. Watu wakaangua kicheko, na Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote.

"Ndivyo nilivyomtambua," alisema dada, na kicheko kikakatika. "Kwa kushika suruali. Uso wa mwizi sikuushika vizuri, mheshimiwa. Mficha uchi hazai, nimesema."

Hakimu akauliza kama mashine za kinyozi zilikutwa kwa mshtakiwa. Hazikukutwa. Nondo je? Haikupatikana. Mwendesha mashtaka akasema shahidi wake mwingine ni mimi, niliyekwisha kutoa ushahidi, na mimi hata kisogo cha mwizi sikukiona. Kabla ya adhuhuri hakimu alitamka kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu.

Tulimkuta getini. Alikuwa amesimama tu, nafikiri hakuamini kwamba hataitwa arudi ndani. Dada akamwendea. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, nilimsikia akiyasema peke yake alfajiri jikoni, lakini kilichotoka kilikuwa "Pole, kaka." Yule mtu akaitikia kwa kichwa.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nikamsogeza dada pembeni, nikasimama mbele ya yule mtu.

"Ni wewe?" nikamuuliza. "Hapa hakuna hakimu. Niambie tu. Ni wewe?"

Dada alinivuta shati. Yule mtu alinitazama mkono kwanza, halafu uso. Sikuona hasira kwake, alionekana kuchoka tu.

"Nimeulizwa hilo tangu walipokuja kunichukua," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza bila kunipiga."

Akaondoka. Hakunijibu, nami sikupata nguvu ya kumfuata nimuulize tena.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Najua dada alitenda haki. Nilijua hata pale nilipokuwa namkanyaga mguu, na hilo halikunipunguzia uchungu hata kidogo. Aliyenivunja yupo mahali, anakula na kushiba. Labda ni yule tuliyemwacha getini, labda siye, na kuanzia siku ile sina tena wa kumchukia kwa hakika. Kila mwanamume tuliyepishana naye nilimkazia macho. Mmoja, aliyevaa vizuri, akasimama kunipa pole ya mkono. Badala ya kumshukuru, nikajiuliza amejuaje.