Maziwa ya Waridi na Tumbo la Mkaguzi

Mimi Hodo sina subira, na anayesema ninayo hajawahi kukaa nami meza moja. Basi nitaieleza hii habari upesi, na mtu asinikate kauli.

Mwaka wa tisini na sita shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Eldas, ilikuwa na maabara. Msifikirie makubwa. Ni chumba cha mabati, meza chache na bureti mbili, ile mirija ya kioo ya kudondoshea dawa kwa kipimo, moja imepasuka mdomo. Ukame ulikuwa umetubana, mahindi ya msaada yanaletwa kwa malori, na wakubwa wakaanza kukitolea macho kile chumba. Wakasema kemia ifutwe, wanafunzi wasome masomo yasiyohitaji chupa, chumba kiwe ghala. Kabla ya kuamua wangemtuma mkaguzi aje aone kama kweli tunafanya majaribio kwa mikono yetu au tunakariri tu. Neno lake ndilo lingekuwa la mwisho.

Mimi nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Nilikuwa nimeona ngamia wa mama wakianguka huku wanaume wakibishana ni ugonjwa gani, mpaka ngamia wakaisha na ubishi ukabaki. Bila kemia, udaktari ningeusikia redioni. Kwa hiyo siku ya ukaguzi nilikuwa na hasira tangu alfajiri, hata kabla hajanikosea mtu.

Jaribio letu lilikuwa la kupima uchachu wa maziwa ya ngamia. Unatia maziwa kwenye chupa, unaongeza unga mweupe ambao Mwalimu Hared aliuita kiashiria, kisha unadondosha alkali kutoka kwenye bureti. Mwanzoni huoni kitu. Uchachu ukishamalizwa na alkali, maziwa yanageuka ghafla rangi ya waridi. Yaliyochacha sana yanataka matone mengi, ya asubuhi yanataka machache. Ni jambo zuri kulitazama, walahi, hata kwa mtu mwenye hasira.

Unga ule hutiwa kidogo tu, wa kushika kwa ncha ya kisu. Lakini mwenzangu wa meza alikuwa Dubow, kijana wa moyo mzuri na mkono usio na kipimo. Kwao chai haijawa chai mpaka kijiko kisimame kwenye sukari. Nilipogeuka kufunga bureti, akachota kijiko kizima akatia katika kila chupa.

"Dubow, umetia nini hapo?"

"Nimetia ya kutosha," akasema. "Mgeni anakuja, Hodo. Tusionekane wachoyo."

Mwalimu Hared alipoliona lile kopo la unga lilivyopungua, alishika kichwa. Akatunong'oneza kwamba unga huohuo kwenye maduka ya dawa huuzwa kwa watu waliofunga choo. "Si kitu," akasema, "maadamu hakuna atakayeyanywa."

Mkaguzi akaingia. Aliitwa Mzee Nunow, mtu mnene wa kofia nyeupe, ametoka Wajir kwenye kiti cha mbele cha lori, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifuatana na Mwalimu Bishara, mwanamke mrefu mkimya aliyekuja kumsaidia. Tukawasalimu, tukadondosha alkali, na maziwa ya chupa zote yakawaka waridi kama yalivyotakiwa. Nikageuka kuchukua chaki nieleze ubaoni.

Sasa, kwetu maziwa ya rangi hiyo yana maana yake. Ni maziwa yaliyotiwa sharubati nyekundu, na huyaoni ila kwenye arusi au anapokuja mtu wa heshima. Nilipogeuka tena, Mzee Nunow macho yamemlegea kwa furaha.

"Mashallah," akasema. "Wanafunzi wenye adabu hawa. Bismillahi."

Akainua chupa.

Mjue pia kwamba mgeni akishashika maziwa, mwenyeji hamwambii ayaweke chini. Afadhali umtukane. Nilimtazama Mwalimu Hared, naye akatazama dari. Dubow alinikanyaga mguu ninyamaze. Mzee akashusha chupa tupu, akapangusa ndevu, akampa Bishara ya pili, naye akainywa.

"Sukari mmesahau," akasema, "lakini nia naiona."

Akachukua ya tatu. Hapo ulimi ukanishinda.

"Adeer," nikamwambia, maana mtu wa umri wake ni baba mdogo hata kama hamjuani, "hiyo haikuwa karamu. Hilo ndilo jaribio."

Nikamweleza yote, unga, alkali na kijiko cha Dubow. Mwalimu Hared akawahi kusema kwamba alkali ilishamalizwa na uchachu na haitawadhuru, ila tu huenda matumbo yao yakalainika. Alilitamka neno hilo polepole sana.

Mzee Nunow akawa mwekundu kuliko maziwa. "Mimi nimekunywa maziwa ya ngamia tangu sijaota meno," akasema. "Tumbo langu halichezewi na unga wa watoto. Haya binti, wewe si mwanasayansi? Sema litakalotokea."

"Kabla ya adhana ya alasiri, adeer, utatoka mbio."

"Nisipotoka?"

"Basi sijui kemia."

"Vizuri. Nisipotoka, nafunga chumba hiki leo hii."

Dubow akaniambia kwa Kisomali jambo ambalo sitalirudia. Nami nilijiuma ulimi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Adhuhuri ikaswaliwa. Tukala wali na nyama ya mbuzi, na shule nzima ikawa inamtazama mzee anavyotafuna. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Bishara. Aliinuka taratibu, akachukua jagi la maji, akasema, "Nakwenda kutawadha." Akarudi. Baada ya kitambo akainuka tena, akasema udhu umemtoka. Mara ya tatu hakusema kitu, alichukua tu jagi.

Mzee Nunow alikaa imara. Akasimama mbele ya wanafunzi waliopangwa uani na kuanza hotuba juu ya nidhamu. Katikati ya neno "nidhamu" akanyamaza, akaangalia mbali upande wa Buna kama mtu anayesikia anaitwa. Kisha akasema, "Naona na mimi nitawadhe mapema." Alitembea kwa heshima mpaka kwenye kona ya jengo, na baada ya kona tulisikia makubadhi yakikimbia.

Akarudi akiwa na uso wa malaika. "Udhu," akasema. "Mtu mzima hukaa na udhu. Hilo si kemia."

Nani atamwambia mzee, tena mkaguzi, mbele ya watu, kwamba ni mwongo? Hata mimi siwezi. Mwalimu Hared alishakunja mikono kama mtu aliye msibani. Mzee akakohoa, akatangaza, "Baada ya kutazama kwa makini, nimeamua kwamba maabara hii..."

Akasita. Jasho likamtoka. Akageuka kutafuta jagi, na jagi lilikuwa mkononi mwangu, nimelijaza mpaka ukingoni. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia ya chooni.

"Binti," akasema kwa sauti ndogo, "lete jagi."

"Hili hapa, adeer. Mgeni hanyimwi." Nikalinyoosha, lakini kidole sikukilegeza kwenye mkono wa jagi. "Nauliza tu, nijifunze. Ni udhu au ni kemia?"

Alinitazama. Akamtazama Bishara, naye Bishara akainamisha kichwa na kuchezea ushungi wake. Magoti ya mzee yalikuwa yamebanana.

"Ni kemia," akasema.

"Wa nyuma hawakusikia, adeer."

"Ni kemia!" akanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakainua vichwa. "Ni kemia, na ibaki, na chumba kibaki, na huyu msichana asome mpaka achoke. Sasa lete!"

Nikaachia jagi.