Choo cha Mgeni Rasmi

Choo kilikuwa kimekwisha kujengwa. Kila asubuhi Badria alipofungua dirisha la ofisi ya Serikali ya Mtaa wa Tangawizi, kilimkodolea macho kutoka ng'ambo ya barabara: kuta za rangi ya maziwa, bati la kijani, upande wa wanawake na upande wa wanaume, tangi juu limejaa maji pomoni. Vigae vya ndani vilikuwa havijawahi kukanyagwa na mtu mwenye haja. Na mbele ya geti, kutoka nguzo hii hadi ile, ulikazwa utepe mwekundu.

Choo kilikuwa kinamsubiri mgeni rasmi.

Mara ya kwanza mgeni alipata safari ya ghafla, turubai likashushwa na viti vikarudishwa kwa mwenyewe. Mara ya pili akahamishwa kikazi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana jina lake lilikuwa limekwisha kuchongwa kwenye jiwe la uzinduzi lililobandikwa ukutani. Jiwe likabanduliwa. Jingine likaagizwa, lakini fundi hawezi kuchonga mpaka aambiwe mgeni mpya ni nani, na wa kumwambia naye anasubiri kuambiwa. Utepe ukapauka kwa jua. Mwenyekiti akanunua mwingine.

Badria ndiye aliyekuwa mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti alichaguliwa kwa kura na watu wakampigia vigelegele. Yeye Badria aliletwa na serikali, akiwa na stashahada yake kutoka chuoni na haya zake, akapewa meza iliyopungua droo. Kwa kuwa mtendaji ndiye mtunza mali ya mtaa, ufunguo wa geti ulikaa kwenye mkoba wake. Alitembea nao kwenda na kurudi, mali ya watu ambayo watu hawakuruhusiwa kuigusa.

Asubuhi ile Stella aliingia ofisini bila kupiga hodi. Stella alikuwa akiuza madera barabarani, ameyatundika kwenye mbavu za mwavuli mkubwa, na ujauzito wake ulikuwa umefika pale ambapo mtu akitaka kukaa hushika kitu kwanza.

"Mtendaji, mambo?"

"Poa, dada Stella. Karibu kiti."

"Nikikaa sitainuka. Nifungulie pale mara moja tu. Nitaingia na kutoka, hakuna atakayejua."

Badria alijua kilichomleta. Vyoo vya magorofani vilikuwa na funguo za wapangaji. Gesti ya kona ilitoza hela, na mama wa kubanwa kila saa angeacha pale faida yote ya siku. Kwa hiyo wanawake wa barabara ile walishinda na kiu. Jua la Kariakoo linawaka juu ya vichwa vyao, muuza maji anapita na ndoo yake, nao wanageuza uso upande wa pili. Daktari alikwisha mwambia Stella anywe maji mengi. Stella alicheka alipolisimulia hilo, na Badria akakosa pa kuyapeleka macho.

"Ngoja nimuulize Mwenyekiti," Badria alisema.

Akampigia simu mbele yake. Mwenyekiti Onesphory alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kampeni hata kwenye simu, na Stella alisikia kila neno.

"Binti, tumeshaongea. Leo utamfungulia mjamzito, kesho mgonjwa wa sukari, keshokutwa mtaa mzima. Mgeni aje akute choo kinanuka? Mwambie avumilie, wiki hii hii tunapata jibu."

Badria alikata simu. "Wiki hii, dada Stella."

Stella alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Badria zaidi. "Haya, mtendaji," akasema, akatoka akiwa ameshika kiuno.

Ilikuwa mchana, wakati umati unapokuwa mzito kiasi kwamba mikokoteni inapita kwa matusi, Badria aliposikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wengi wanaoangalia kitu kimoja. Akachungulia dirishani. Stella alisimama chini ya mwavuli wake na dera la mteja mkononi, miguu ameibana, na chini yake lami ilikuwa imelowa. Maji yalitambaa taratibu mpaka kwenye viatu vilivyopangwa na jirani yake, kijana mmoja aitwaye Mudi.

"Oya, wanangu!" Mudi alipiga kelele. "Bomba limepasuka huku!"

Wakacheka tena. Mteja aliliachia dera na kurudi nyuma, amekunja pua. Stella hakulia wala hakukimbia. Alijifunika uso kwa lile dera jipya, akabaki amesimama hivyo hivyo, kama mtu akijificha uso mwili wote utakuwa umefichika.

Hasira ilimpanda Badria kwa namna asiyoijua. Aliumwaga mkoba wote mezani ili kuupata ufunguo. Yeye, ambaye kupita katikati ya wanaume waliokaa barazani kulimfanya asahau kutembea, alivuka barabara ile bila kuangalia gari wala mtu, akaufikia utepe na kuuvuta. Ulikuwa wa nailoni, haukukatika. Akauvuta tena mpaka ukamkata kidole.

"Ngoja, mwanangu, utajiumiza."

Alikuwa Bi Mauza, mwenye duka la vitambaa lililopakana na choo, mwanamke wa Kiarabu aliyezaliwa ghorofani juu ya duka lile lile na kuuona mtaa ukibadilika rangi mara nyingi. Mkononi alishika mkasi wake wa kukatia vitambaa.

"Shika huu. Unakata hata turubai."

Badria akakata. Hakuna aliyepiga makofi. Akafungua kufuli, akasukuma geti, akarudi kumshika Stella mkono. Bi Mauza aliwatangulia na kanga mbili, akimwambia kila aliyeduwaa njiani, "Pisha! Mama yako hakojoi?"

Stella alioga ndani ya choo kipya cha mtaa, wa kwanza kukitumia, na wenzake walisimama getini wakisikiliza maji yakimwagika. Kisha muuza soksi akaingia. Kisha mama lishe na wasichana wake. Walipotoka wengine walifungua chupa za maji na kunywa hapo hapo, kwa pupa.

Haukupita muda mrefu Mwenyekiti Onesphory akafika, jasho linamtiririka, na kufuli jipya mkononi, bado limo kwenye pakiti yake.

"Nani kakata utepe?"

"Mimi," alisema Badria.

"Wewe ndiye mgeni rasmi?"

"Mimi ni mtendaji, Mwenyekiti."

Onesphory alimvuta pembeni, akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimfanya Badria azidi kukasirika. "Binti, wewe mgeni kwenye kazi hizi. Mkubwa haji mahali palipokwisha kutumika. Asipokuja, nitamlilia nani barabara? Nitamlilia nani taa? Mimi nimewaahidi watu hapa. Choo hiki ndicho mlango wangu wa kuombea mengine."

"Stella kajikojolea barabarani. Mbele ya wateja wake."

"Nimesikia. Nimesikitika sana."

"Umesikitika, halafu ukaenda kununua kufuli."

Mwenyekiti aligeukia geti na kupaza sauti yake ya mikutanoni, "Naomba utulivu! Choo kinafungwa mpaka siku ya uzinduzi!" Akavuta geti, akapitisha kufuli, likalia.

"Nani huyo anafunga?" sauti ilitoka ndani. "Niko ndani mimi!"

Ilikuwa ya Bi Mauza.

"Shikamoo, Bi Mauza. Naomba utoke."

"Marahaba. Nitoke vipi? Unataka nikurupuke? Magoti haya, wallahi, hayainuki kwa amri ya serikali."

Kicheko kilipasuka, na safari hii kilikuwa cha wanawake. Mwenyekiti alifungua. Bi Mauza alijitokeza kwa wakati wake, akanawa mikono kidole kwa kidole, akajitanda mtandio. Kabla mguu wake haujavuka kizingiti muuza soksi alikuwa amekwisha kujipenyeza ndani.

"Wewe si umetoka sasa hivi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimebanwa tena, baba. Maji tumekunywa leo."

Akasubiri. Alipotoka huyo, aliingia mwingine. Hapakuwa na mkutano, hapakuwa na aliyetoa amri. Walitazamana tu, na foleni ikajipanga yenyewe kutoka getini mpaka kwenye mwavuli wa Stella. Mtu hafungii watu chooni mchana kweupe, na ndani hapakuwa na dakika ya kukosa mtu.

Mudi alipita na viatu vyake mkononi. "Mwenyekiti, nawe panga foleni, utabanwa!"

Badria aligeuka. "Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyemcheka Stella."

Barabara nzima ilisikia. Mudi akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa.

Mwenyekiti aliletewa kiti. Akakaa na kufuli juu ya goti, akipiga simu moja baada ya nyingine kwa wakubwa zake, huku macho yakiwa getini. Alasiri ikaisha. Adhana ya magharibi ilipokaribia, wanawake walianza kufunga mizigo; wana watoto Mbagala, wana watoto Gongo la Mboto, na magari ya jioni hayamhurumii mtu. Foleni ikapungua mpaka akabaki Stella peke yake, akiwa amevaa dera aliloacha kuliuza.

"Nenda nyumbani," Badria alimwambia.

"Ukiniondoa mimi atafunga."

"Nenda. Nitaingia mimi."

Akaingia. Alijifungia kwenye chumba cha mwisho, akasimama ameegemea ukuta. Alikuwa anaogopa. Alimfikiria mama yake Ilala, aliyewaambia majirani wote kwamba mwanawe kaajiriwa. Alijua mshahara huo unalisha watu wangapi. Kule nje Mwenyekiti alikohoa na kuita, "Badria, tumebaki sisi wawili sasa. Toka, mwanangu, tusiaibishane."

Simu ikaita. Alikuwa Pius, mtendaji wa kata, bosi wake.

"Mtendaji, uko wapi?"

"Niko chooni, bosi."

"Sasa sikiliza. Mgeni rasmi amepatikana, anakuja Jumamosi. Toka humo, pasafishwe, pafungwe, utepe urudishwe. Paonekane papya. Ukifanya hivyo usiku huu, mimi sijasikia kitu. Usipofanya, kesho asubuhi uje na maelezo kwa maandishi kwa nini usiondolewe hapo."

"Na kesho Stella aende wapi?"

"Stella ni nani?"

Badria aliondoa mgongo ukutani. Aliisogeza simu karibu na mdomo, akasukuma mlango wa kile chumba ili na Mwenyekiti pale getini asikie vizuri.

"Stella anauza madera mbele ya ofisi yetu," alisema, na sauti yake ikagonga vigae na kutoka hadi barabarani. "Ana mimba. Anashinda bila maji kwa sababu yangu na yako. Leo amejikojolea hadharani na watu wakamcheka, na choo kilikuwa hapa, bosi, hatua chache tu, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Kesho saa moja atakuja na mizigo yake. Atakuta pako wazi."

"Badria, nasema toka humo."

"Sitoki."