Kikombe cha Nyonga ya Nyamizi

Usiku wa jana niliota wakubwa wa hospitali wameniita ofisini kwao, hatimaye. Mwaka wa pili huu nawalaumu. Mke wangu Nyamizi walimwekea nyonga ya bandia, ikalika mpaka ikalegea, na upasuaji wa pili ndio ulioondoka naye.

Nyuma ya meza hakuna mkubwa. Kuna kile kikombe cha plastiki walichompachika Nyamizi nyongani, kimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kimevaa tai. Ndani yake gololi ya chuma inazunguka polepole kama inatafuna.

Mimi shule niliishia la tatu, lakini maneno yalinijia. Nikakiambia wana mishahara na magari, halafu maskini wanawawekea vitu vya kuisha.

"Kuisha naisha," kikasema. "Kila hatua nachubuka kidogo. Ndiyo maana aliitwa kila mwaka nikaangaliwe. Walimwuliza nini, Mzee Maganga?"

Nikasema walimwuliza kama anaumia.

"Nani alijibu?"

Hapo ofisi imegeuka kliniki ya mifupa. Nyamizi yuko kwenye benchi na fimbo yake, anafungua mdomo. Mimi nimesimama kati yake na daktari. Kwetu mume ndiye msemaji, tena nawahi mnada wa ng'ombe.

"Hajambo huyu," nasema.

Unga mweupe unanidondoka mdomoni, laini kuliko wa muhogo. Mwaka unaofuata nasema tena, unadondoka tena. Daktari anaandika, unga unajaa kwenye karatasi yake, anaupuliza, anaendelea kuandika.

"Huo unga ni mimi niliyechubuka," kikombe kikasema, wala hakina hasira. "Ndio uliomla mfupa."

Nikamgeukia Nyamizi, nikamwomba basi aseme mwenyewe.

"Malizia tu, Baba Kabula," akasema. "Umeshazoea kunisemea."

Sikuweza kumtazama. Nikauliza mkubwa wa hapa ni nani, nimwambie yeye. Kikombe kikashuka kitini, kikakifuta vumbi, kikanipisha.

Asubuhi binti yetu Kabula alinikuta nimekaa kitandani, akaniuliza nimeamkaje. Nikamjibu sijambo, kama siku zote.

Akanisogelea, akanipangusa kidevu kwa pindo la kanga, akaangalia vidole vyake.

"Baba, unga huu mweupe umeutoa wapi? Unga si uliisha juzi?"