Jukwaa Liliponyamaza

Kanisa la Mchungaji Fabricio halikuwa na jengo. Kila Jumapili lilishushwa kutoka kwenye pikapu, ngoma, kinanda, spika na nyaya, likapangwa katika ukumbi wa shule nyuma ya soko la mji wa Barahona. Ibada ikiisha lilirudi garini lote, maana Jumatatu watoto walikuwa na masomo.

Radhamés, fundi pikipiki, ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la besi. Spika lake aliliweka jukwaani, na jukwaa lilikuwa la mbao, tupu chini kama pipa. Akigusa tu waya mnene wa gitaa, mbao zote zilinguruma, vioo vya madirisha vikatetemeka, na maneno ya waimbaji yakazama humo humo.

"Kaka, hilo si besi, ni lori linapanda mlima," Yokasta, kiongozi wa waimbaji, alimwambia siku moja wakikunja nyaya. "Watu wananiuliza tuliimba nini."

"Waambie wasogee mbele."

"Hao wa mbele ndio waliouliza!"

Wenzake walicheka. Radhamés naye alicheka, lakini lilimchoma.

Jumapili iliyofuata aliwahi. Alilishusha spika hadi kwenye sakafu ya saruji, akalipandisha juu ya kreti za soda, katikati akaweka sponji la godoro bovu ili mtikisiko usipite. Akaliinamisha nyuma kidogo limwelekee usoni, maana miaka yote lilikuwa likipigia magoti yake kelele. Akapunguza mlio wa chini kabisa, akaongeza wa kati kidogo. Yokasta alisimama mwisho wa ukumbi, akimwonyesha kwa mkono: punguza, punguza, hapo hapo.

"Sasa nasikia hadi ukikosea!" alipiga kelele.

Ibada ilikuwa tamu. Kila neno lilifika, na besi lilitembea chini yake taratibu, bila kumkanyaga mtu. Yokasta aliimba huku machozi yanamtoka. Mchungaji alimkumbatia Radhamés mbele ya watu wote.

Mama yake Radhamés, ambaye wote walimwita kwa heshima Doña Eneroliza, alikuwa ameketi jukwaani mahali pake pa siku zote. Kanisa lilianzia sebuleni kwake, na kiti kile hakuna aliyethubutu kukigusa. Masikio yake yalikuwa yamekufa miaka mingi kwa homa. Mazungumzo aliyafuata kwa kutazama midomo. Kila ibada alivua viatu, na watu waliamini miguu inamvimba.

Mchana, wakila wali na maharage, alimtazama mwanawe kwa muda.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Kwa nini?"

"Nilikuona umeshika gitaa. Ila leo hukupiga."

"Nimepiga. Nimepiga kuliko siku zote."

Mama akatikisa kichwa. "Wimbo huwa unanipandia miguuni. Leo mbao zilinyamaza, zikabaki ngoma na miguu ya watu tu. Nilidhani umeme umekatika, mpaka nikaona watu wanacheza."

Radhamés aliweka uma chini. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumuuliza kwa nini anavua viatu.

"Nitalirudisha lilipokuwa."

"Thubutu! Nimemwona Yokasta akilia kwa furaha. Watu wanakuja kusikia sifa za Mungu, hawaji kunikanda nyayo."

Jumapili iliyofuata Radhamés alimwekea mama kiti sakafuni kando ya spika, akauchukua mkono wake na kuulaza juu ya boksi lake. Mama alitabasamu. Wimbo wa kwanza ulipoisha, aliuondoa mkono, akaupakata.

"Nakupata wewe tu," alimwambia baadaye. "Ngoma siipati. Miguu ya watu siipati. Kule juu zamani niliwapata nyote pamoja."

Baada ya hapo magoti yakaanza kumsumbua. Jumapili moja hakwenda, na nyingine pia, kisha akaacha kutaja magoti. Mchungaji alimtembelea, akamwombea, akala ndizi za kukaanga, akaondoka bila kuelewa.

Siku moja Radhamés hakuvumilia. Alilirudisha spika juu ya mbao bila kumwambia mtu, kana kwamba mtikisiko ungemfikia mama kule nyumbani. Ukumbi ukanguruma. Yokasta alikaza shingo kupambana na kelele, na watu wakaanza kutazamana. Kiti cha jukwaani kilikuwa kitupu. Kabla ya mahubiri Radhamés alilishusha spika mwenyewe.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekwisha pakua.

"Mmeimba nini leo?"

Alimtajia. Mama hakuusoma vizuri mdomo wake, akakunja uso. Radhamés akaanza kuugonga wimbo ule mezani kwa vidole, kwa nguvu, sahani zikaruka. Mama aliutazama mkono wake, kisha uso wake, akasubiri aelezwe.

Radhamés akaona wimbo haumfikii, akaacha.

"Kula, mwanangu," mama alisema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Chakula kinapoa."