Flashi ya Mzee Gikonyo

Kompyuta ya Mwai pale Ruring'u ilikuwa yake kwa jina tu. Kwa kazi ilikuwa ya mtaa mzima. Wanakwaya walileta flashi zao kuchukua nyimbo, akina mama wa chama walileta za kuchapisha barua, na kila aliyefika alichomeka yake kabla chai haijamiminwa. Kumkatalia mgeni flashi kulikuwa kama kumnyima kiti.

Kisha sauti za cucu zikapotea.

Watiri, binti ya Mwai, ndiye aliyezirekodi huko Mweiga, nyanya yake, huyo cucu, akiwa bado na nguvu ya kucheka. Cucu alisimulia ng'ombe wake walivyopata majina, akaimba, akamgombeza jogoo katikati ya wimbo, akaendelea kuimba. Majuma machache baada ya mazishi, Watiri alifungua kompyuta akakuta virusi vimeyageuza mafaili kuwa vijialama visivyofunguka. Nakala aliyoiweka kwenye flashi yake ilikuwa imeharibika vivyo hivyo. Alihangaika hadi akaokoa rekodi chache. Wimbo wa jogoo haukurudi.

Baba yake akaja na dawa.

"Nimeweka antivairasi tatu, zote za bure," akasema kwa fahari. "Moja ikilala, ingine inaamka."

"Baba, wewe unaweza kudunga ng'ombe moja dawa za madaktari watatu siku moja?"

"Ng'ombe iko na damu. Hii ni plastiki."

Plastiki ikaanza kuhema. Programu zile zilipigania mashine, kila moja ikiiona nyingine kama mwizi, na hata kuandika sentensi moja kukawa kazi ya kungoja. Watiri akaketi achague moja. Alisoma masharti, yale marefu ambayo watu huyakubali bila kuyatazama. Ya kwanza ilitaka kujua kila ukurasa anaoufungua. Akajiuliza mlinzi wa namna hiyo anamlinda nani. Ya pili ilimtisha kwa rangi nyekundu hata pasipokuwa na kosa, kisha ikamwonyesha pa kulipia. Ya tatu ilikuwa ya heshima, ila nzito mno kwa mashine ya umri ule. Mwishowe akaziondoa zote, akaiwasha ile iliyokuja na kompyuta yenyewe, ambayo ilikuwa imejizima kuwapisha wageni. Akaisasisha kwa bando ya simu yake. Haikupiga kelele wala kuomba chochote.

Hata hivyo hakutulia. Programu yoyote, ya bure au ya kununua, ilikuwa nusu tu ya ulinzi. Nusu ya pili ilikuwa mkono unaochomeka. Basi akaweka sheria: hakuna flashi itakayofunguliwa kabla ya kukaguliwa, hata yake mwenyewe. Mwai akaitikia kwa kichwa, kama mtu asiyetarajia sheria hiyo ifike mbali.

Jumapili baada ya ibada akaingia Mzee Gikonyo, rika la Mwai, aliyetahiriwa naye siku moja. Hakubisha hodi, maana watu wa rika moja hawabishiani hodi. Alitaka kuchapisha ratiba ya harambee ya kanisa. Akachomeka flashi, akapokea chai.

"Fungua, mama," akamwambia Watiri.

"Ngoja kidogo, mzee. Naikagua kwanza."

"Unakagua nini?"

"Virusi."

Gikonyo akacheka, akamgeukia Mwai. "Ati flashi yangu iko na ugonjwa?" Mwai hakucheka naye, na kicheko kikamfia mzee mdomoni. "Mimi na baba yako tulienda mtoni asubuhi moja, maji kama barafu. Leo mtoto wake ananipima kama mbuzi ya soko?"

"Watiri, fungulia mzee," Mwai akasema.

"Bado kidogo, baba."

Mzee akakitua kikombe mezani, hajakionja, akasimama. Kuiacha chai ya rafiki ipoe kikombeni kulikuwa na uzito zaidi kuliko matusi, na uso wa Mwai ulionyesha hivyo. Watiri alitazama mstari wa kijani ukijivuta. Moyoni aliiombea flashi ile iwe chafu, ili ukweli umsemee.

Mstari ukafika mwisho. Flashi ilikuwa safi.

"Umeona?" Mwai akafoka. "Haina kitu! Umeniaibisha mbele ya rika langu bure."

Watiri akaifungua ratiba, akaichapisha, akampa mzee kwa mikono miwili. Gikonyo akaipokea bila kumtazama.

"Sasa mwombe msamaha."

Ingekuwa rahisi. Neno moja, chai ipashwe moto, na Jumapili ijayo kila mtu angechomeka apendavyo, maana mzee ameombwa radhi.

"Mzee, nakuheshimu," Watiri akasema. "Keti nikuwekee chai ingine. Ukirudi na flashi kesho, nitaikagua tena. Mlango wa virusi niliufunga cucu akiwa ameshapotea mara ya pili, kwanza kaburini, kisha humu kwenye kompyuta. Hakuna mara ya tatu."

"Nimesema omba msamaha!"

"Siombi, baba."