Kurudi kwa Mwenyekiti Yuleyule

Jaji alipoiondoa rufaa yangu bila hata kuligusa suala la shamba, nilipigwa na butwaa. Alisema hukumu ilitolewa upande mmoja, mimi sikuwepo. Kwa hiyo sikupaswa kukimbilia Mahakama Kuu. Nilipaswa kurudi baraza la ardhi lililohukumu, nikaeleze kwa nini sikufika.

Kurudi kule! Kwa mwenyekiti yuleyule aliyempa jirani yangu Elieza shamba langu la kule Mutuka!

Kaka yangu Xavery ndiye aliyenivuta huko juu, mkaidi yule. "Aliyekunyang'anya humrudii, dada. Unamshtaki kwa mkubwa wake," alisema, utadhani mahakama ni kikao cha ukoo. Tulipotoka nje nilitamani kumzaba kofi, pamoja na mvi zake zote.

Nilirudi barazani. Muda ulikuwa umepita, ikabidi kwanza niombe kuongezewa. Nikakubaliwa. Siku ya kusikilizwa Elieza alikaa mbele yangu, mtu wa mpaka mmoja nami, shati limepigwa pasi.

"Mama Severine, siku ile ya kesi ulikuwa wapi?" mwenyekiti aliniuliza.

Kumbe ni hilo tu! Muda wote ule hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nilikuwa nyumbani, mheshimiwa. Severine wangu alikuwa amefariki. Kwa mila yetu sisi Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto hatoki nje ya uzio wake mpaka wazee wamruhusu. Hata sokoni haendi."

"Hukutuma mtu aje kusema?"

"Akili haikuwepo, mheshimiwa."

Mwenyekiti alifungua faili, akamgeukia jirani yangu. "Elieza, uliniambia mama huyu amegoma kuja. Ulijua kwamba amefiwa?"

Nilijua atakana. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele.

"Nilijua," Elieza alisema, macho sakafuni. "Kaburi la kijana tulilichimba mimi na Xavery."

Nikasikia Xavery akiguna nyuma yangu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Hukumu ile naitengua. Kesi itasikilizwa upya."

Xavery alinishika bega, akanong'ona kwamba tumepona. Nilikuwa naitazama mikono ya Elieza, mikono iliyomfukia mwanangu, kisha wiki hiyohiyo ikainuka kuapa kwamba nimegoma.