Mkate wa Bi Kufuli

Saa tatu asubuhi, Bi Kufuli wa kwanza aliingia maktabani akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Alikuwa na miaka sita hivi, sweta la kijivu limemfika magotini, miwani isiyo na vioo puani, funguo za plastiki zinaning'inia shingoni. Nyuma yake wakaja wengine. Kufikia saa nne nilikuwa nimehesabu kumi na wawili, na wote walikuwa wananiiga mimi bila kujua kwamba nipo.

Mimi ni mtunza stoo wa maktaba hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Sweta langu ni la kijivu kwa sababu stoo ina baridi, na funguo nazivaa shingoni kwa sababu mikono imejaa vitabu. Kila mwaka, Tamasha la Katuni linapokaribia, huongezewa kazi: nasoma kila kitabu kitakachowekwa mezani, nahakikisha hakina damu, matusi wala uchi, kisha nakibandika kibandiko cha kijani kinachosema "Kinafaa kwa familia nzima". Safari hii cha mwisho kilikuwa katuni ya Bi Kufuli, kazi ya mdogo wangu, mgeni wetu wa heshima.

Nilikisoma nimesimama. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye minane. Niliacha shule, nikawa nafua nguo za watu. Mkate wa Jumatatu ulipaswa kutufikisha Ijumaa, kwa hiyo nilifunga mlango wa jiko na ufunguo nikautundika shingoni. Hayo yote ameyachora, na kwa kweli nilicheka mahali fulani, maana ile sauti ya kufoka ni yangu hasa. Kisha nikafika ukurasa wa thelathini na moja. Mtoto anachungulia kwenye tundu la ufunguo, na humo ndani Bi Kufuli amekumbatia mkate mzima, mashavu yamemtuna, makombo yamemjaa kifuani.

Makombo yale yalinichoma. Kila jioni, nikishampa kipande chake, nilijifungia jikoni nikanywa maji ya moto, asije akaona kwamba changu hakipo. Nikakirudia kitabu kizima nikitafuta sababu ya kukikataa. Damu hakuna. Matusi hakuna. Uongo haumo kwenye orodha yangu. Nikabandika kibandiko, tena nikakisugua kwa kidole gumba kisibanduke.

Sikutaka makubwa. Nilitaka aniambie, hata kwa kunong'ona, kwamba hakuniona nikila. Alipofika nilimngoja mlangoni. Ilikuwa miaka tisa hajatia mguu mji huu. Akanikumbatia harakaharaka.

"Dada! Hujabadilika hata kidogo!"

"Nina neno na wewe."

"Baadaye, dada. Tutaongea baadaye."

Baadaye yake naijua, haina siku. Mkutubi mkuu akamshika mkono, wakaenda zao.

Adhuhuri yakaanza mashindano ya kuvaa kama Bi Kufuli. Nilikuwa napita nyuma ya jukwaa na boksi la vitabu kifuani, mshereheshaji akaniona.

"Mama, simama hapo hapo! Jamani, mnaona? Miwani imefungwa uzi! Funguo za kweli! Huyu kajiandaa!"

"Mimi nafanya kazi hapa," nikasema.

"Na sauti kaipata vilevile!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akamgeukia mdogo wangu na kipaza sauti. "Mwenye mali ndiye ajuaye. Amefanana, hajafanana?"

Mdogo wangu akasimama. Sentensi moja tu ingetosha: huyu ni dada yangu, ndiye aliyenilea. Nikaliweka boksi chini ili niipokee vizuri.

"Amefanana," akasema. "Ila Bi Kufuli wangu ni mnene kidogo."

Watu walipiga makofi mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Mimi, mtu mzima, nikajikaza.

Nikatangazwa mshindi, na zawadi ilikuwa kitabu chenyewe, kitiwe sahihi na mchoraji. Nikakipeleka mezani kwake, kibandiko changu kiko imara jaladani. Akakifunua, akainamisha kichwa aandike.

"Lini uliniona nikila?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, jamani. Watu wanatazama."

"Nijibu tu."

"Ni hadithi, dada. Watoto wanataka kucheka." Kisha sauti ikawa ya yule mtoto wa miaka minane. "Nilikuwa na njaa. Wewe uko ndani, mlango umefungwa, nasikia kikombe. Ulitaka nifikiri nini?"

Siku zote nilijisifu kwamba nilimlea akashiba. Kumbe alikuwa amesimama nje ya mlango.

Mtu akanivuta sweta. Alikuwa yule Bi Kufuli wa asubuhi, miwani imemkaa upande.

"Bi Kufuli, eti ule mkate uliumaliza wote?"

Mdogo wangu akainua uso. Kalamu ikabaki hewani.

"Wote," nikamwambia mtoto. "Hata makombo sikumwachia."

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikainama kumwokotea, funguo zikalia shingoni. Nilipoinuka, mdogo wangu alikuwa bado ananitazama, na ukurasa mbele yake ulikuwa mtupu.